Mbuzi Aliyepewa Uzito wa Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, Injinia Mkuu aliniuliza kama najua kupika chai. Nilikuwa nimepanda ngazi hadi orofa ya juu kabisa ya jengo moja nyuma ya Moi Avenue, kwa kuwa lifti ilikuwa imekufa, na vyeti vyangu vyote vilikuwa kwapani. Nilimjibu kwamba chai najua, na pia najua kuandika programu kwa lugha ya mashine.

Akanitazama juu ya miwani. "Basi tuanze na hiyo ya pili," akasema. "Ya chai tutaona."

Alinisukumia kitabu kinene cha prosesa, kimekunjikakunjika kona, akaniambia nisimuulize neno kabla sijakimaliza. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na mimi sikuwa msichana. Nilikuwa nimetumika kwenye mitambo ya simu mpaka walipoanza kupunguza watu, nikapunguzwa pamoja nao. Kampuni hii mpya ilitengeneza mizani za elektroniki: za kupimia majani ya chai, kahawa, nyama. Ofisi kuu yenye zulia ilikuwa mjini. Karakana, ambako kazi yenyewe ilifanyika, ilikuwa Adams Arcade, juu ya duka la matairi, na ukitoka hapo jioni unanuka risasi ya kulehemu na mpira kwa pamoja.

Nyinyi vijana mnaandika programu juu ya programu zilizo juu ya programu nyingine, na nikiwauliza chini kabisa kuna nini mnainua mabega. Naomba mnivumilie niwaeleze, maana bila hilo hamtaelewa kilichompata Mzee Wafula.

Prosesa haifanyi hesabu hewani. Ina vijisehemu vichache ndani yake vinavyoitwa rejista, na kila kimoja hushika nambari moja tu. Kuna rejista za kawaida, za nambari nzima, na kuna nyingine kando za hesabu za desimali. Sasa, prosesa ni moja lakini kazi ni nyingi. Kuna kazi ya kupiga hesabu ya uzito, kuna ya kuonyesha kwenye skrini, kuna ya kuchapa risiti. Programu inayozitawala hizo zote, inayosema wewe simama na wewe endelea, ndiyo kerneli. Kila inaposimamisha kazi moja, kerneli hutakiwa kuchukua nambari zote zilizomo kwenye rejista, izihifadhi mahali pa kazi hiyo kwenye kumbukumbu, ndipo ipakie nambari za kazi nyingine. Zamu ikirudi, inazirudisha zilivyokuwa, kila moja mahali pake. Ile kazi iliyosimamishwa haijui kwamba ilisimamishwa. Inaendelea kama mtu aliyepepesa macho.

Ikipotea nambari moja hapo katikati, kazi hailalamiki wala haisimami. Inaendelea kwa ujasiri wote na nambari ya mwenzake. Nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote, na hakuna kosa linaloniudhi kama hilo. Mashine iliyokufa angalau inakuambia imekufa.

Halafu kuna vikatizi. Kikatizi ni ishara inayotoka kwenye kifaa cha nje, tuseme kihisi cha uzito, ikisema: nihudumie sasa hivi. Kerneli huacha yote, huendesha programu fupi ya kumhudumia huyo, kisha hurudi ilikokuwa. Ili mambo yaende haraka, kerneli yetu ilihifadhi rejista za kawaida tu wakati wa kikatizi. Zile za desimali ni nzito kuhamisha, kwa hiyo iliziacha zilivyo. Hakuna ubaya, mradi sheria moja ifuatwe: ndani ya programu ya kikatizi, usiguse desimali. Piga hesabu kwa nambari nzima. Ukigusa desimali, unakanyaga nambari za mtu ambaye yuko katikati ya hesabu yake na hajui umepita.

Sheria hiyo nilifundishwa na Injinia Mkuu mwenyewe wiki ile ile niliyoanza, akigonga meza kwa penseli kila neno. "Usiguse. Desimali. Humo."

Sasa tufike Dagoretti.

Kichinjio kimoja cha huko kilitaka mizani ya kisasa. Nyama hutundikwa kwenye kulabu, inasukumwa kwenye reli ya juu mpaka ifike penye mizani, inapimwa, risiti inatoka, mwenye bucha analipa. Wao walikuwa na reli mbili. Meneja wa Ufundi, mtu mwenye tai nyingi na subira kidogo, akawaahidi kwamba tutawapa mashine moja itakayohudumia reli zote mbili. Aliahidi kwanza, ndipo akaja kutuuliza kama inawezekana.

"Inawezekana," alisema Injinia Mkuu, "kama utatupa muda."

"Muda gani tena? Nimeshawaambia iko tayari."

Basi tukaitengeneza kwa mbio. Nyama ikitundikwa inabembea, na uzito unapanda na kushuka, kwa hiyo lazima uchukue vipimo vingi upate wastani. Sehemu hiyo ya kihisi na wastani aliiandika Injinia Mkuu. Mimi niliandika ile ya kugeuza kipimo kuwa kilo, na ya skrini na risiti. Reli ya kwanza, iliyopitisha ng'ombe wazima, ilipewa kipaumbele kuliko ya pili, ya nusu nusu na mbuzi: kikatizi chake kiliweza kuingilia hesabu ya reli ya pili, lakini cha reli ya pili kilisubiri zamu. Tuliifunga, ikafanya kazi, tukasifiwa. Meneja wa Ufundi alirudi mjini na mbavu za bure.

Mpimaji wa reli ya pili alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyekaa Kawangware miaka mingi na mkewe na watoto. Alikuwa mweka hazina wa kanisa lao, na koti lake jeupe la kazi alilifua mwenyewe kwa sababu, alisema, mkewe hakuwa akilisugua kola sawasawa. Nilimpenda tangu siku tuliyofunga mashine. Aliuliza maswali, na ukimjibu alinyamaza afikirie.

Wiki chache baadaye nilikwenda kubadilisha printa, akaniita kando.

"Madam, hii kitu yenu, kuna saa inanichanganya. Si kila saa. Naweka nusu ng'ombe, inaniandikia uzito sio wake. Nikiitoa nirudishe, inasema sawa."

"Hiyo risiti ya kwanza unafanyia nini?"

"Nikiiona naifuta. Lakini kukiwa na watu wengi siwezi kuona zote."

Nilikwenda mjini nikamweleza Meneja wa Ufundi. Hakuinua kichwa. "Mashine haiwezi kukosea mara moja moja," akasema. "Ikikosea, inakosea kila mara. Anayekosea mara moja moja ni mtu." Nikaomba nipewe siku nikakae kule nitazame. Akasema kuna mizani za kahawa zinasubiri. Nikaomba tena. Akasema nimeshamsikia.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Wenye bucha walianza kulalamika, mmoja kwamba amelipia kilo ambazo hakuzipata, mwingine akanyamaza kwa sababu yeye alizipata za bure. Meneja wa kichinjio akapiga simu kwetu, na mtu wetu akamhakikishia kwamba mashine ni nzima, imepimwa na kupimwa. Na ukweli ni kwamba makosa yote yalitoka reli ya pili. Reli ya kwanza haikuwa na hata moja. Kama mashine ni moja, na reli moja ni safi na nyingine chafu, basi tofauti ni nini kama si mpimaji? Mzee Wafula akavuliwa lile koti jeupe mchana, mbele ya wachinjaji, akaambiwa anashirikiana na wenye bucha, aende nyumbani.

Habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Hawakumwambia ni mwizi. Walimwambia tu apumzike kidogo na kazi ya hazina. Binti yake, aliyekuwa akiongoza kwaya, akaambiwa naye apumzike. Ndivyo watu wetu wanavyokuhukumu, kwa sauti ya kukuonea huruma.

Nilipopata habari hizo sikuomba ruhusa tena. Asubuhi moja nilipanda gari la Dagoretti badala ya kwenda karakana. Nilimkuta meneja wa kichinjio, mtu mnene, mpole, aliyechoka na kesi hii kuliko sisi sote, nikamwomba kitu kimoja: anitundikie mbuzi kwenye reli ya pili, na ng'ombe mzima kwenye reli ya kwanza, na mpimaji mpya wa reli ya pili asiguse chochote ila kitufe cha kupima.

"Na Wafula hayuko," nikasema. "Hilo ulikumbuke."

Tukapima. Mbuzi akaonyesha uzito wa mbuzi. Tukapima tena, mbuzi ni mbuzi. Tukaendelea hivyo mpaka wachinjaji wakaanza kucheka, na mmoja wao, kijana aliyeshika shoka begani, akaniuliza kama huko chuo tulifundishwa kupima mbuzi mmoja mpaka aoze. Nilijua hitilafu ya namna hii huja pale tu kikatizi kinapoangukia katikati ya hesabu, na hesabu yenyewe ni kufumba na kufumbua. Nikawaambia waisukume nyama ya reli ya kwanza, ibembee, isitulie, ili kihisi chake kisiache kutuma vikatizi.

Ndipo skrini ya reli ya pili ikaandika kilo mia mbili na kitu.

Hakuna aliyecheka. Yule wa shoka alisogea akamtazama mbuzi, halafu skrini, halafu mbuzi.

"Huyu mbuzi amekula nini?" akasema.

Meneja wa kichinjio alivua kofia yake ya plastiki akaikunja. "Madam," akasema polepole, "unataka kuniambia nini?"

"Nakuambia umemfukuza mtu asiye na kosa, na sisi ndio tuliokusaidia."

Nilirudi Adams Arcade nikafungua programu ya kihisi. Sikuhitaji kutafuta sana. Wastani wote na kugawanya kote, Injinia Mkuu alikuwa ameviandika kwa desimali, ndani ya kikatizi. Hesabu ya mbuzi ilikuwa katikati, nambari yake imekaa kwenye rejista ya desimali. Kikatizi cha ng'ombe kikaingia, kikapiga wastani wake pale pale, kikaondoka kikiacha nambari ya ng'ombe. Kerneli ikarudisha rejista za kawaida kama ilivyoagizwa, na hesabu ya mbuzi ikaendelea na kilo zisizo zake. Reli ya kwanza ilikuwa safi kwa sababu hakuna kikatizi kilichoruhusiwa kuiingilia.

Nilimpelekea Injinia Mkuu ile programu mezani. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Ulinifundisha mwenyewe," nikasema. "Usiguse desimali humo."

"Hiyo sheria ni ya watu wanaoandika programu ndefu. Yangu ni fupi."

"Injinia, hata ingekuwa mstari mmoja."

"Na kerneli ingehifadhi rejista zote, haya yasingetokea."

"Lakini haihifadhi. Wewe ndiye uliyeamua isihifadhi."

Alirudisha miwani usoni. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kutupa kitu ukutani: "Kitaalamu, hii si hitilafu. Ni kutokuelewana kati ya sehemu mbili za mfumo."

Niliiandika upya sehemu ile kwa gramu, nambari nzima tupu, na haikunichukua hata mchana mzima. Nilikwenda kuifunga Dagoretti, tukambembeza ng'ombe mwingine mpaka wachinjaji wakachoka, na mbuzi akabaki mbuzi. Kisha Meneja wa Ufundi akaniita ofisini mjini, penye zulia.

"Kazi nzuri," akasema. "Sasa tumewaambia wateja kwamba tumeboresha mfumo. Hiyo ndiyo lugha tutakayotumia sote."

"Na Mzee Wafula?"

"Huyo ni mfanyakazi wao, si wetu."

"Tukisema tumeboresha tu, maana yake mashine haikuwa na kosa. Na kama mashine haikuwa na kosa, mwizi ni yeye."

"Madam, unafanya mambo kuwa makubwa."

Nilimwambia mambo yalikuwa makubwa kabla sijayagusa. Nikatoka. Ninyi mnaosoma hili mtafikiri kuna mtu alinifuata kwenye ngazi aniambie niko sawa. Hakuna. Katibu wa Meneja alinitazama kwa huruma akarudi kwenye simu yake.

Meneja wa kichinjio, angalau, alikuwa amemwona mbuzi kwa macho yake. Alimwita Wafula arudi kazini. Wafula hakwenda. Nikaambiwa anafanya kibarua Karen, kwenye nyumba moja kubwa, wanajenga ukuta. Nilimkuta anachanganya simenti, magoti yake yamekuwa meupe.

"Mzee Wafula, umeitwa. Mbona huendi?"

Aliegemea sepetu. "Nimeitwa kwa simu, Madam. Nilifukuzwa mbele ya watu."

"Unataka wafanye nini?"

"Mimi hapo kichinjio si shida. Wale walimwona mbuzi, wameniambia wenyewe. Shida ni kanisani. Pale hakuna mtu amemwona mbuzi. Nikirudi kazini, watasema nimehonga. Nataka mtu mwenye hiyo mashine aje aseme, hata kama ni dakika kidogo."

Nilimwomba Meneja wa Ufundi. Akacheka, akidhani ni mzaha. Nilimwomba Injinia Mkuu. Akasema yeye si mtu wa kanisa, na hata angekuwa, hayo ni mambo ya uhusiano na wateja. Basi Jumapili nikavaa sketi yangu nzuri nikaenda Kawangware mwenyewe.

Lilikuwa kanisa la mabati, limejaa. Mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo, kati ya habari za harusi na za mchango wa paa. Nilikuwa nimejiandaa, lakini niliposimama pale mbele niliona nyuso za akina mama wamepakata watoto, nikatambua kwamba nimekuja kuwaeleza hawa rejista za desimali. Nilijaribu. Nikasema kuna mashine yenye mahali padogo pa kuweka nambari. Nikasema mtu mmoja akiwa katikati ya hesabu, mwingine akiingia bila hodi akaandika zake juu yake, basi wa kwanza huendelea na hesabu isiyo yake. Nikasema waliotengeneza mashine walitakiwa kuzuia hilo, na hawakuzuia. Mtoto mmoja akalia, akatolewa nje. Nikaanza tena. Naona nilizidi kuwachanganya, maana wazee wa mbele walikuwa wakitazamana.

Mama mmoja mzee, kitambaa cheupe kichwani, akainua mkono kama tuko darasani.

"Mwanangu, hayo ya ndani ya mashine yaache. Mimi nauliza moja. Wafula aliiba?"

"Hapana, mama. Hakuiba. Mashine yetu ndiyo iliyokosea. Mimi nafanya kazi kwenye hiyo kampuni na ninasema."

"Basi si ungeanza hapo," akasema, akaketi.

Watu walicheka, cheko la kushusha pumzi. Mzee Wafula hakucheka. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, mikono juu ya magoti, anatazama chini, na mkewe alikuwa amemshika mkono wa koti kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Binti yake alianzisha wimbo bila kuambiwa na mtu. Jumatatu Wafula alikuwa reli ya pili.

Habari za kanisani zilifika ofisini haraka kuliko taarifa yoyote niliyowahi kuandika. Nilihamishwa kutoka karakana nikapewa cheo cha Msaidizi wa Mauzo, mjini, ambako kazi yangu ilikuwa kuwauzia watu riboni za printa. Nilikaa hapo miaka, nikikanyaga lile zulia. Mkurugenzi mpya alipokuja akauliza ni nani anayeielewa kerneli, kila mtu akanyooshea meza yangu kidole. Nikarudishwa Adams Arcade, na huko nikakaa mpaka nilipostaafu. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na hotuba iliyosema nilikuwa mtu wa kushirikiana vizuri na wenzangu. Nilipiga makofi pamoja nao.

Mnaniuliza kama kazi imebadilika. Prosesa za siku hizi zina rejista nyingi mara dufu, na kerneli zake huhifadhi na kurudisha vitu ambavyo sisi hatukuviota. Lakini juzi kijana mmoja mhandisi, mwerevu sana, alikuwa akinieleza jinsi mfumo wao unavyowafungia watu akaunti kimakosa. Nikamuuliza hao waliofungiwa wanasemaje. Akaniambia bado hawajazungumza nao, wanachunguza takwimu kwanza. Nilikunywa chai yangu nikanyamaza, kwa sababu daktari ameniambia nipunguze hasira.

Injinia Mkuu naye alistaafu. Nilikutana naye mwaka jana kwenye duka kubwa la Karen, anasukuma toroli yenye maziwa na chakula cha mbwa. Amezeeka. Tulisalimiana vizuri. Tukazungumza magoti, tukazungumza watoto walioko nje. Nilikuwa nimeshaaga aliponishika kiwiko.

"Yule mtu wa mizani," akasema. "Kule Dagoretti. Jina lake lilikuwa nani?"

"Wafula."

"Wafula," akarudia. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyetajiwa jina la mgeni, akasukuma toroli yake kuelekea kwa keshia.

Najua ningepaswa kufurahi kwamba ameuliza. Wanangu waliniambia hivyo nilipowasimulia, kwamba mzee wa watu alikuwa na jambo moyoni. Inawezekana. Lakini nilitembea kutoka pale dukani mpaka barabarani na mifuko yangu nikiwa nimekasirika kama siku ile niliyompelekea ile programu mezani. Jina la Wafula lilikuwa limeshonwa kwenye lile koti lake jeupe, kifuani, kwa uzi mwekundu. Injinia Mkuu alijaribu mashine kando yake mchana kutwa siku tuliyoifunga, na hakulisoma.